Baridi ya Newala na baridi ya shampeni

Kwenye kumbi za harusi za huku kwetu, Mtwara mjini hadi Masasi na Nachingwea, shampeni ni chupa yoyote yenye kizibo kinachoruka. Mara nyingi ndani yake mna juisi ya zabibu iliyotiwa gesi, isiyo na kileo hata chembe, na kwa wageni wengi wa harusi zetu ni vema iwe hivyo. Hilo halinisumbui sana. Linaloniudhi ni kauli ninayoisikia kwa watu waliosoma: kwamba shampeni hutokana na zabibu za sehemu za baridi, Newala kuna baridi na Rondo kuna baridi, zote zikiwa nyanda za juu za huku kwetu kusini, basi tukipanda mizabibu huko tutapata shampeni yetu.

Maana kwanza. Shampeni ni mvinyo wa zabibu wa eneo la Champagne, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, uliochachuka mara mbili, mara ya pili ukiwa ndani ya chupa. Gesi yake haikupulizwa na mashine kama ya soda. Hamira imekula sukari, ikatoa gesi, gesi ikakosa pa kutokea ikayeyuka humo humo. Mvinyo wa mahali pengine, hata ukitengenezwa kwa njia hiyo hiyo na hata ukiwa mtamu kuliko huo, unaitwa mvinyo wa povu au jina lake wenyewe. Cava ya Hispania huchachukia chupani pia. Prosecco ya Italia kwa kawaida huchachuka mara ya pili ndani ya tangi kubwa lililofungwa. Zote ni za povu, wala si shampeni.

Sasa baridi. Wengi hudhani kazi yake ni kuleta povu, au wanaichanganya na baridi ya friji. Kazi yake inaanzia shambani, kwenye namna tunda linavyoiva. Zabibu ikiiva, sukari hupanda na ukali hushuka. Joto huharakisha yote mawili. Asidi ya maliki, ile ile inayofanya tufaha bichi liume ulimi, huliwa na tunda lenyewe linapopumua, na mahali penye usiku wa joto huisha upesi. Matokeo yake ni zabibu yenye sukari nyingi na ukali kidogo. Kwa mvinyo mwekundu mzito hilo linaweza kuwa jambo jema, lakini kwa mvinyo wa povu ni hasara.

Ni hasara kwa sababu mvinyo wa kwanza, ule usio na povu bado, unatakiwa uwe mwepesi na mkali, wenye kileo cha asilimia 10 au 11 hivi. Kisha hutiwa chupani pamoja na hamira na sukari, kama gramu 24 kwa lita, na uchachukaji wa pili huongeza kileo kwa zaidi kidogo ya asilimia moja na kujenga mgandamizo wa karibu mara sita ya ule wa hewa tunayoivuta. Zabibu ikija na sukari nyingi tangu shambani, mvinyo huishia na kileo kizito kinachofunika ladha zote. Na ikija bila ukali, kinywaji kitakuwa kimepooza kabla hakijamaliza muda wake, kwani chupa hulazwa muda mrefu. Sheria ya Champagne inadai miezi 15 chupani kwa uchache, 12 kati ya hiyo ikiwa juu ya hamira iliyokufa. Shampeni iliyotokana na zabibu za mwaka mmoja tu hudai miaka 3. Hamira iliyokufa huvunjika polepole na kuacha harufu ya mkate uliotoka tanuri. Watu husifu harufu hiyo bila kujua kwamba ni ukali wa zabibu uliousaidia mvinyo kufika hapo ukiwa hai. Na mahandaki ya chokaa yanakolazwa chupa hizo yana nyuzijoto kama 10 hadi 12 mwaka mzima, ndiyo maana hamira hufanya kazi bila pupa na viputo vikawa vidogo vidogo.

Zaidi ya hapo, hata povu lenyewe asili yake ni baridi, ila si kama wanavyodhani. Anayeujua uraka, pombe ya mabibo, ataelewa haraka. Uraka mbichi hutoa povu kwa kuwa bado unachachuka; ukiufunga kwenye chupa ya kioo siku ile ile, chupa itapasuka. Huko Champagne, mvinyo ulitengenezwa majira ya majani kupukutika, na kabla haujamaliza kuchachuka, kipupwe kiliilaza hamira. Mtu aliyeonja alidhani kazi imekwisha, akaufunga. Joto la masika ya kwao lilipoingia, hamira iliamka na chupa zikapasuka. Kwa muda mrefu hilo lilihesabiwa kuwa ila ya mvinyo. Waingereza ndio waliolipenda povu hilo mapema, kwa kuwa karne ya 17 walikuwa na kioo kigumu kilichoyeyushwa kwa tanuri za makaa ya mawe, na mwaka 1662 Mwingereza Christopher Merret aliieleza Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, jinsi wauza mvinyo walivyoongeza sukari ili mvinyo uchangamke. Mtawa Dom Pérignon, anayesimuliwa kuwa mvumbuzi wa shampeni, alianza kazi katika abasia ya Hautvillers mwaka 1668. Sifa yake ya kweli ni ustadi wa kuchanganya zabibu za mashamba tofauti, nayo inatosha.

Basi turudi Newala. Champagne ipo karibu na nyuzi 49 kaskazini mwa ikweta, na wastani wa joto lake kwa mwaka ni kama nyuzijoto 11. Mtwara mjini ni kama 26. Newala ipo juu ya uwanda wa Makonde, kwa hiyo joto lake linapungua, na upepo wa kusi unaongeza ubaridi. Lakini mzabibu hautoshelezwi na ubaridi wa kuvaa sweta jioni. Huko Champagne mzabibu hupukutisha majani yote na kulala kipupwe kizima. Unapochipua Aprili, jalidi ya usiku mmoja inaweza kuunguza machipukizi, hata wakulima hukesha wakiwasha moto kati ya mistari. Halafu Juni mchana unafika urefu wa saa 16. Tunda linapata mwanga mwingi na joto kidogo, likaiva taratibu huku ukali wake ukibaki.

Newala haina kipupwe cha kulaza mti, na mchana wake haupandi wala kushuka sana mwaka mzima. Mzabibu usiolala huchipua bila mpangilio mpaka mkulima aulazimishe kwa kuupogoa. Hivyo ndivyo wafanyavyo wenzetu wa Dodoma, nao huvuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Champagne hawezi hata kulitamani. Ni ardhi tofauti yenye faida zake, na sioni kwa nini faida hizo zifichwe nyuma ya jina la watu wengine.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaoitaja Newala, semeni tu kwamba kuna ubaridi mzuri, ni kweli. Kwa zabibu semeni "hali ya hewa ya baridi" pale mnapomaanisha kipupwe cha kulaza mti na kiangazi kifupi chenye mchana mrefu. Na atakayetaka kutengeneza mvinyo wa povu kwa zabibu za Dodoma asikatishwe tamaa: avune mapema kabla sukari haijapanda, avune usiku au alfajiri, aweke ubaridi kiwandani kwa mashine. Afrika Kusini, kwenye joto kuliko Champagne, walitoa Kaapse Vonkel ya mwaka 1971 iliyochachukia chupani, na leo mvinyo wao wa aina hiyo unaitwa Cap Classique. Wetu nao ukipatikana, kwenye chupa iandikwe "mvinyo wa povu wa Dodoma".