Jua, Vitamini D na Mifupa ya Wazee Wetu Jijini

Wengi wetu tumewatoa wazazi mashambani na kuwaleta Nairobi ili wawe karibu na hospitali na wajukuu. Mama aliyekuwa akikamua ng'ombe alfajiri na kupalilia hadi adhuhuri sasa anashinda kwenye kochi, ghorofa ya tatu. Maswali haya huulizwa na watoto wanaowatunza wazazi wa aina hiyo.

Vitamini D hufanya kazi gani mwilini?

Kazi yake kuu ni kuuwezesha utumbo kufyonza kalsiamu iliyo katika chakula. Mzee anaweza kunywa maziwa kila siku, lakini vitamini hii ikipungua, sehemu kubwa ya kalsiamu hiyo hupita tu na kutoka. Kwa kuwa moyo, misuli na neva haviwezi kufanya kazi bila kalsiamu katika damu, mwili huiendea kwenye mifupa na kuichota huko. Upungufu mkubwa wa muda mrefu hulainisha mifupa ya mtu mzima, hali iitwayo osteomalasia: mifupa humuuma na misuli ya mapaja hulegea, hata kuinuka kitini kukamshinda asiposhika mahali. Osteoporosisi ni ugonjwa mwingine. Humo mfupa hupungua na kuwa mwepesi bila maumivu yoyote hadi siku unapovunjika, na wanawake huathirika zaidi kwa sababu mfupa hupungua kwa kasi baada ya hedhi kukoma.

Nairobi haikosi jua. Mzee wa hapa anapungukiwaje?

Ni kweli kwamba jiji liko karibu sana na ikweta, na tena liko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo jua lake ni kali. Lakini jua lazima liifikie ngozi. Mtazame mama aliyeketi dirishani saa nne asubuhi, sweta imefungwa vifungo vyote, leso imefunika miguu, na mwanga umemwangukia magotini kupitia kioo. Anapata joto, ila miale ya UVB, ambayo ndiyo huifanya ngozi itengeneze vitamini D, imezuiliwa na kioo kile. Katika mitaa kama Pipeline, ambako majengo yamebanana, wapo wanaowasha taa mchana, na mzee anayeogopa ngazi anaweza kumaliza wiki nzima bila kukanyaga nje.

Isitoshe, ngozi ya mzee hutengeneza vitamini hii kidogo kuliko ya kijana, na ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe. Hakuna idadi ya dakika inayomfaa kila mtu. Ushauri wangu ni atolewe nje kila siku, mikono na miguu ikiwa wazi, na arudi kivulini kabla ngozi haijaanza kuwaka. Mwenye ualbino asishauriwe hivyo hata kidogo. Yeye azungumze na daktari kuhusu tembe.

Chakula chetu kinatosha?

Kwa vitamini D, ni vigumu, kwa maana hupatikana zaidi katika samaki wenye mafuta, na kwa kiasi kidogo katika kiini cha yai na ini. Kalsiamu ni rahisi zaidi. Omena huliwa pamoja na mifupa yake, na kama mzee hana meno, inaweza kukaangwa ikakauka, ikasagwa na kutiwa mchuzini. Sukuma wiki hutoa kalsiamu inayofyonzwa vizuri, ilhali spinachi ina oksaleti inayoizuia. Glasi moja ya maziwa au mala ina miligramu 300 hivi, na mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji 1,200 kwa siku.

Basi nimnunulie tembe za vitamini D?

Kiasi kinachopendekezwa kwa siku ni yuniti 600 (kipimo cha vitamini kinachoandikwa IU kwenye pakiti) hadi umri wa miaka 70, na 800 baada ya hapo. Anayeshinda ndani, aliyepita miaka 75, au anayetumia dawa za kifafa kama fenitoini ana sababu nzuri ya kupewa. Lakini tembe si kinga ya kila mtu. Utafiti uliofanywa Marekani kwa watu zaidi ya 25,000, ukachapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba yuniti 2,000 kwa siku hazikupunguza kuvunjika kwa mifupa miongoni mwa watu wenye afya ya kawaida. Nchini Australia, wanawake wazee waliopewa yuniti 500,000 kwa mkupuo mmoja kila mwaka walianguka na kuvunjika zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa. Usipite yuniti 4,000 kwa siku bila daktari. Vitamini hii ikizidi, kalsiamu hujaa katika damu, na mzee hupata kiu, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, hata mawe kwenye figo. Mwenye ugonjwa wa figo asianze kabla ya kupimwa.

Zaidi ya hayo, nifanye nini nyumbani?

Mzuie asianguke, na hapa ndipo ningependa familia zitumie nguvu zao nyingi. Kagua bafu usiku, taa ikiwa imezimwa, kama yeye anavyoingia: sakafu yenye sabuni, beseni katikati ya njia, malapa yaliyolika soli. Weka chuma cha kushikilia, ondoa mkeka unaoteleza, na mpeleke apimwe macho. Kisha misuli ifanye kazi. Ainuke kitini na kuketi tena mara kumi, asubuhi na jioni, kiti kikiwa kimeegemea ukuta nawe ukiwa kando yake.

Ameanguka, na anasema nyonga inauma kidogo tu. Tungoje?

Msingoje. Wazee wengi huficha maumivu ili wasiwasumbue watoto. Kama hawezi kuukanyagia mguu, au mguu unaonekana mfupi kuliko mwenzake na wayo umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika. Msimkande, msiuvute mguu, wala msimshushe ngazi akichechemea. Mlazeni pale pale, mfunikeni blanketi, na mwite ambulensi.