Tromboni katika kilabu za zamani za Lubumbashi: baridi, vumbi na mikro

Mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Lubumbashi hushuka chini ya nyuzi 10. Kilabu za katikati ya mji, zile za matofali mazito zilizojengwa wakati mji ukiitwa Élisabethville, huishika baridi hiyo kwenye kuta mpaka watu wajae. Ndiyo maana tromboni iliyolingana vizuri na kinanda saa mbili usiku, wakati wa kujaribu vyombo, inalia juu zaidi yake ikifika saa tano. Mpigaji anaambiwa hana sikio, kumbe sikio analo. Kilichobadilika ni hewa iliyo ndani ya bomba lake.

Sauti husafiri kama mita 331 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi 0, na kila nyuzi moja inayopanda huongeza kama mita 0.6. Kwa chombo cha kupuliza, hiyo ni karibu senti 3 kwa kila nyuzi, na senti 100 ni nusu toni moja. Ukumbi ukitoka nyuzi 15 ukafika 27, hesabu ya karatasini inatoa senti 36. Jukwaani huwa ni pungufu, kwa sababu pumzi yako ina joto lake na hulipasha bomba kuanzia kwenye ambushuri (kipande cha kupulizia), lakini mwisho wa kulisi (bomba linalovutwa na kurudishwa) na paviyo (mdomo mpana wa mbele) hubaki na hewa ya ukumbi. Hata senti 15 zinatosha kuharibu akodi, yaani noti zinazolia pamoja, ya wapulizaji watatu. Wako wanaosingizia urefu wa mji wetu, mita 1,200 hivi juu ya bahari. Urefu hauhusiki: katika hewa, mwendo wa sauti hufuata joto, haufuati mgandamizo.

Jambo linalosahaulika ni kwamba gitaa huenda upande wa pili. Nyuzi za chuma zikipata joto hurefuka, zinalegea, sauti inashuka. Kwa hiyo usiku ukikolea tromboni inapanda, gitaa linashuka, na kinanda cha umeme kinabaki palepale kwenye noti ya la ya mitetemo 440 kwa sekunde. Bendi ikubaliane mapema kwamba kila mtu anafuata kinanda. Kumfuata mpiga solo ni kosa, hata awe hodari namna gani.

Dawa yake iko kwenye kulisi ndogo ya nyuma, ile ya kulinganishia. Bomba lote la tromboni ya si bemoli (noti ya B♭) lina karibu mita 2.7, na kulisi hiyo ina matawi mawili, kwa hiyo kuivuta milimita 8 hushusha sauti kama senti 10. Ukipiga ukumbi ukiwa na joto la kawaida, hakikisha imetoka walau milimita 15. Anayeizoea ikiwa imeingia mpaka mwisho hana pa kukimbilia siku ya baridi. Kabla ya kulinganisha, puliza pumzi ya moto bila kutoa sauti kwa dakika 5, huku ukipeleka kulisi kubwa mpaka nafasi ya 7, yaani kituo chake cha mbali kabisa, na kuirudisha. Kisha chukua si bemoli na fa pamoja na kinanda. Baada ya mapumziko ya dakika 20, rudia. Chombo kisilale juu ya saruji. Kiegemeze kwenye stendi yake, na ambushuri iingie mfukoni mwako ibaki na joto la mwili.

Sasa nafasi zenyewe. Kutoka ya 1 hadi ya 2 ni kama sentimita 8, na kutoka ya 6 hadi ya 7 ni kama 11, maana hatua huongezeka kadiri bomba linavyorefuka. Hilo wengi wanalijua kwa mkono. Kinachowaponza ni re ya juu ya nafasi ya 1, ile inayokaa juu ya do ya katikati ya kinanda. Kwa asili yake iko chini kwa senti 14, na mbele ya nafasi ya 1 hakuna pa kusogea tena. Siku ya baridi unaongeza kasoro juu ya kasoro. Ichukue nafasi ya 4, ukirefusha kidogo tu. Sol iliyo juu yake inapigwa nafasi ya 2 iliyofupishwa kwa zaidi ya sentimita 2. Ukiiacha kwenye nafasi ya 2 ya kawaida inalia chini, na kila mtu ukumbini anasikia. Si bemoli ya katikati inapatikana pia nafasi ya 5 iliyofupishwa kidogo, nayo inakuokoa mkono kama ulikuwa tayari huko mbali. Mpiga tromboni J. J. Johnson alipoileta tromboni kwenye bebop, jazi ya kasi, miaka ya 1940, watu walishangaa kasi yake. Ukimsikiliza kwa makini, utasikia noti fupi zilizo safi na mkono usiokimbia bure. Njia ya kufika huko ni hizi nafasi mbadala pamoja na ulimi laini: «da» au «du» badala ya «ta». Ulimi mgumu unakata hewa, na kulisi inafika kabla ya noti.

Wapigaji wengi wa hapa hutoka kwenye fanfari (bendi za matarumbeta) za kanisa, na hiyo ni shule nzuri sana: pumzi wanayo, na umoja wa sauti wanao. Ila mara nyingi wanakuja na chombo chenye bomba pana, milimita 13.9, kilichofanywa kujaza uwanja. Kwa jazi ya kilabu mimi napendelea bomba la milimita 12.7 hadi 12.9. Linajibu haraka na halikumalizi pumzi katika seti ya dakika 50. Kuwa mwangalifu na ambushuri: shina la bomba dogo na la bomba kubwa havilingani, na kulazimisha kunapasua mdomo wa bomba. Jambo lingine, fanfari kadhaa husomesha tromboni kwa ufunguo wa sol (alama ya kusomea noti za juu), wakati karatasi za jazi ziko kwenye ufunguo wa fa. Anza kusoma miezi kadhaa kabla. Wiki moja haitoshi.

Kiangazi huleta pia vumbi jekundu, na vumbi hilo ndani ya kulisi ni msasa kamili. Mabomba ya ndani yana sehemu nene kidogo kwenye ncha, tunaziita soksi, na hizo tu ndizo zinazogusana na bomba la nje. Paka krimu ya kulisi hapo, tabaka jembamba unaloweza kuliona kwa shida, kisha nyunyiza maji. Krimu maalumu ikikosekana, Pond's Cold Cream ilitumiwa na wapigaji kwa miaka mingi na inafanya kazi. Mafuta ya kula, vaselini na mafuta ya injini, hapana: baridi inayafanya mazito na yanakamata kila punje ya vumbi. Kila wiki ya kiangazi safisha kwa maji ya uvuguvugu na fimbo iliyofungwa kitambaa mpaka mwisho, chuma kisiguse chuma. Unaposafisha tawi moja la kulisi ya nje, shika tawi hilohilo. Ukishika lile la pili unapinda yote mawili, na mpinde wa nywele moja unatosha kuikwamisha.

Sisi wa mji wa shaba tuelewe pia ugonjwa wa chombo chetu. Bomba la kawaida ni shaba nyekundu kama sehemu 70 kwa 100, iliyobaki ni zinki. Mate yakilala ndani, zinki inatoka polepole na kuacha madoa ya rangi ya waridi. Doa linalokua kutoka ndani halisuguliki, bomba litatoboka. Mwaga maji, pangusa, ndipo ufunge sanduku.

Kuhusu ukumbi: sakafu ya saruji na ukuta mtupu hurudisha kila kitu. Ukuta ulio mita 8 na nusu mbele yako unakurudishia noti baada ya sehemu 50 za elfu za sekunde, na ukianza kuufuata huo mwangwi utachelewa nyuma ya ngoma usiku kucha. Elekeza paviyo kwenye watu, au kwenye pazia, na ufupishe noti. Mikro (maikrofoni) iwe sentimita 20 hadi 30 kutoka paviyo, pembeni kidogo ya katikati, na stendi yake ije kutoka kushoto kwako kwa sababu kulisi inapita kulia. Acha mita 1 na nusu wazi mbele ya uso. Wengi huipima wakiwa nafasi ya 1, halafu noti ya kwanza ya nafasi ya 6 inaiangusha mikro ya mwimbaji.

Surdini (kifuniko cha kubadili sauti) ya mpira, ile ventuzi ya kuzibulia sinki, inatosha ikiwa na upana wa sentimita 13 hadi 15. Ndivyo Tricky Sam Nanton alivyoifanya tromboni izungumze katika bendi ya Duke Ellington. Usiifunge kabisa: acha nafasi ya kidole kimoja, la sivyo sauti inahama mahali pake. Ukiwa nayo, sogea karibu na mikro.

Na umeme wa SNEL, shirika la umeme la taifa, ukikatika katikati ya wimbo, zinabaki ngoma na wapulizaji. Kubalianeni tangu mazoezini: tromboni inashika mstari wa besi, mdundo hausimami, bluzi ya fa au ya si bemoli mpaka jenereta iwake. Kisha ngoja. Vinanda vingi vikiwashwa upya husahau kama vilikuwa vimehamishiwa toni nyingine, kwa hiyo mpiga kinanda apige kwanza noti moja kwa sauti ya chini, nawe uichukue polepole kabla bendi nzima haijaingia.