"Kilichobaki ni Karatasi Tu": Mkopo na Sheria kwa Anayenunua Nyumba Ili Aiuze

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alinijia ofisini na bahasha ya kaki iliyochanika pembeni. Ndani mlikuwa na picha za nyumba aliyoinunua Kisauni, hapa Mombasa. Ya kwanza ilionyesha mabati yaliyoshika kutu na choo cha nje. Ya mwisho, vigae vyeupe, siling'i ya jipsamu na geti jeusi lililopakwa rangi wiki ile ile. Mnunuzi alikuwa keshapatikana. "Wakili," akaniambia, "nyumba iko tayari. Kilichobaki ni karatasi tu."

Nikaziomba hizo karatasi. Hati ilikuwa bado ina jina la baba yake muuzaji, na mzee huyo alifariki zamani. Muuzaji ni kifungua mimba; dada zake wawili wanaishi Malindi na hakuna aliyewauliza neno. Mkataba uliandikwa sebuleni ukatiwa sahihi mbele ya mzee wa mtaa. Fedha zilikuwa mkopo wa chama cha akiba, na walimu wenzake 5 ndio waliomdhamini. Marejesho yalikuwa yameanza kukatwa kwenye mshahara tangu mwezi wa pili.

Kazi yangu katika taasisi yetu ni kuchambua dhamana kabla mkopo haujatoka, na watu wa namna hii huniumiza moyo, kwa sababu si wavivu wala si wadanganyifu. Wanajua bei ya simiti, wanamjua fundi mzuri wa vigae, wanajua mtaa gani unapanda thamani. Wasichokihesabu ni muda. Katika biashara ya kununua nyumba, kuitengeneza na kuiuza, sheria na mkopo havitenganishwi. Kila kasoro ya kisheria ni siku, na kila siku ina riba yake.

Tuchukue mfano wa hesabu. Nyumba ni shilingi milioni 6. Una milioni 1.5 zako, na benki inakukopesha milioni 4.5 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, yaani 60,000 kila mwezi hata kabla hujapunguza deni lenyewe. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, sawa na 240,000, na anayelipa ni mnunuzi. Ukarabati uwe 1,200,000. Wakili, mthamini na ada za benki 260,000. Umefika 7,700,000. Unaiuza kwa 8,800,000, wakala anachukua asilimia 3, unabaki na 836,000 juu ya gharama zako. Ukiuza ndani ya miezi 5, riba imekula 300,000, nawe una 536,000 kabla ya kodi. Ukikwama hadi mwezi wa 12, zimebaki 116,000. Mwezi wa 14 unalipa kutoka mfukoni, na nyumba ni ile ile, bei ni ile ile, fundi alifanya kazi nzuri vile vile.

Na hiyo ni riba isiyobadilika. Mikopo mingi ya nyumba nchini ina riba inayopanda na kushuka. Riba ya msingi ya Benki Kuu ya Kenya ilikuwa asilimia 7 mwanzoni mwa 2022. Februari 2024 ilikuwa imefika 13. Aliyepiga hesabu yake kwa riba ya siku ya kutia sahihi alijikuta na marejesho mengine kabisa. Uliza benki maswali mawili, na majibu uyaone kwa maandishi: riba hii inafuata kitu gani, na nikimaliza deni mapema kwa sababu nimeuza, nitatozwa nini? Swali la pili ndilo husahaulika, ilhali biashara yako yote ni kumaliza mapema.

Wengi fedha za kununua huzipata, wakaishiwa katikati ya ukarabati. Hapo ndipo wanapokwenda kwa shailoki, yaani mkopeshaji wa mtaani mwenye riba kubwa. Wengine hutoza asilimia 10 kwa mwezi. Katika mfano wetu, kukopa 1,200,000 za ukarabati kwa riba hiyo ni 120,000 kila mwezi, mara mbili ya riba ya benki kwa deni ambalo ni karibu mara nne ya hilo. Ukifikia hapo, afadhali nyumba ikae bila geti.

Sasa hizo "karatasi tu". Nyumba za bei nafuu zinazomvutia mnunuzi mpya mara nyingi ni nyumba za urithi, na unafuu wake mara nyingi unatokana na kesi iliyojificha ndani. Sheria ya Urithi inakataza kuuza mali isiyohamishika ya marehemu kabla hati ya usimamizi, ile inayompa mtu mamlaka ya kusimamia mirathi, haijathibitishwa na mahakama, na uthibitisho kwa kawaida huombwa baada ya miezi 6 tangu hati hiyo itolewe. Kwa familia za Kiislamu shauri laweza kwenda kwa Kadhi, ambako kila binti ana fungu lake linalojulikana. Kaka mkubwa hana mamlaka ya kulifuta kwa sahihi yake. Ukimpa fedha kabla ya hapo, umenunua maneno. Zaidi ya hayo, kuigusa mali ya marehemu bila idhini ya mahakama ni kosa la jinai.

Kuna na mke au mume. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka ridhaa ya wanandoa wote kabla nyumba ya ndoa haijauzwa au kuwekwa rehani. Hili linakuhusu mara mbili. Muuzaji akikwambia mkewe "hana neno", mtafute mama huyo, msikie mwenyewe, na sahihi yake iwe kwenye karatasi. Na ukitaka kuweka rehani nyumba yenu ili ukanunue ya biashara, mwenzako anatia sahihi akijua kinachoweza kutokea. Nimewahi kuona mama akishtuka kwa kupokea ilani ya mnada wa nyumba aliyokuwa akilala ndani yake.

Hapa Pwani tuna jambo jingine ambalo wageni kutoka bara huwa hawaliamini wakielezwa: nyumba bila ardhi. Majengo, Kisauni na mitaa mingine ya Mombasa kuna maelfu ya watu wenye nyumba zao halali zilizosimama juu ya kiwanja cha mtu mwingine, ambaye hulipwa kodi ya kiwanja. Nyumba inauzwa na kununuliwa kila siku. Lakini ukiinunua, umenunua kuta na paa. Benki haitaipokea kama dhamana, kwa sababu hakuna hati ya kuwekea rehani, na kwa hiyo mnunuzi wako naye lazima awe na fedha taslimu. Mwenye kiwanja anaweza kukiuza, au warithi wake wakajitokeza na mipango yao. Kuweka vigae vya laki 3 juu ya ardhi usiyo na haki nayo ni uamuzi ambao ungepaswa kuufanya macho yakiwa wazi. Muulize muuzaji: kodi ya kiwanja analipwa nani, na risiti ya mwisho iko wapi?

Hata hati yenyewe siku hizi haitoshi kukulaza usingizi. Mnamo Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Ardhi iliyobishaniwa iko ufukweni Nyali. Ilikuwa imetolewa mwaka 1989 kwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, kisha ikauzwa na kuuzwa tena hadi ikaifikia kampuni hiyo. Mwaka 2017 kaunti ilibomoa ukuta wake ikisema hapo ni mahali pa umma pa kupitia kwenda ufukweni. Kampuni ilijitetea kwamba ilinunua kwa nia njema na hati ilikuwa safi. Mahakama ikasema kwamba kama ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, hati iliyotokana nao haina nguvu, na mnunuzi wa baadaye halindwi nayo. Kwa hiyo kufanya sachi, yaani kukagua rekodi za hati kwenye ofisi ya ardhi, na kuona jina la muuzaji ni hatua ya kwanza tu. Wakili wako afukue historia: ardhi ilitoka kwa nani, kwa utaratibu upi, na ramani ya upimaji inasema nini. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Zihesabu wiki hizo kabla mkopo haujaanza kukatwa.

Kuhusu kodi, nina mambo mawili ninayoyaona mno. La kwanza ni kuandika bei ya uongo. Nyumba ni milioni 6, mnaandika 4 ili kukwepa ushuru wa stempu wa 80,000. Mbali na kuwa ni kosa, na kwamba mthamini wa serikali anaweza kuikataa bei hiyo, ukija kuuza gharama yako inayotambulika ni milioni 4. Faida yako kwenye karatasi imeongezeka kwa milioni 2, na kodi ya faida ya mtaji tangu Januari 2023 ni asilimia 15. Umeokoa 80,000 ukajitwisha 300,000.

La pili: msamaha wa kodi hiyo kwa nyumba ya kuishi ni wa mtu aliyekaa humo miaka 3 mfululizo kabla ya kuiuza, kwa hiyo wewe haukuhusu. Na ukinunua na kuuza mara kwa mara kwa nia ya faida, mamlaka ya kodi yaweza kukuhesabu mfanyabiashara, ambapo faida inatozwa kama mapato ya biashara, hadi asilimia 35 kwa mtu binafsi na 30 kwa kampuni. Tangu 2024 gharama za biashara zinahitaji ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, ili zikubaliwe. Fundi anayelipwa mkononi na kuandika kwenye karatasi ya daftari ni gharama uliyolipa ila haitambuliki.

Kubomoa ukuta, kuongeza chumba au kupandisha ghorofa kunahitaji kibali cha kaunti. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na hata mlango wa nakshi usiuguse kabla ya kuuliza.

Ukishindwa kulipa mkopo wenye rehani, sheria inakupa nafasi: ilani ya miezi 3 ya kurekebisha, kisha ilani ya siku 40 kabla ya kuuza, kisha ilani ya siku 45 ya dalali wa mnada. Zitumie kuzungumza na mkopeshaji, maana nyumba ukiiuza mwenyewe kwa ridhaa ya benki mara nyingi hupata bei nzuri kuliko mnadani. Lakini mkopo wa wadhamini, kama wa yule mwalimu, hauna safari ndefu hiyo. Mkopaji akikwama, akiba za wenzake ndizo zinazoguswa.

Mwalimu alienda Malindi mwenyewe. Dada walikuwa na uchungu, si na yeye bali na kaka yao, na walikubali mirathi ifunguliwe ipasavyo na mafungu yao yalipwe kutokana na bei ya mwisho. Mnunuzi wa kwanza hakungoja. Nyumba iliuzwa baada ya miezi 13, na alichobaki nacho hakikufikia alichomlipa fundi wa jipsamu. Mkataba wake wa pili tuliuandika pamoja hapa ofisini: amana ya asilimia 10 inakaa kwenye akaunti ya wakili, haimfikii muuzaji hadi sachi, ridhaa ya mke na hati ya mirathi iliyothibitishwa viwe mezani, na mkopo hauanzi kutolewa kabla ya siku hiyo.