Kapsidi: jinsi virusi vya jamii ya hapisi vinavyoundwa ndani ya seli

Kapsidi ni ganda la protini linalobeba DNA ya kirusi. Kirusi hakigawanyiki kama bakteria. Vipande vyake hutengenezwa ndani ya seli ya mtu, kisha huunganishwa. Hivyo ndivyo virusi vyote vya jamii ya hapisi (herpes) vinavyoundwa: vya tetekuwanga na mkanda wa jeshi, vya vidonda vya midomo, na vile vya Epstein-Barr. Hivi vya mwisho sisi wa Kisumu na kando ya ziwa tuna sababu ya kuvijua, kwa kuwa vikikutana na malaria ya mara kwa mara huchangia saratani ya Burkitt, inayovimbisha taya za watoto wetu.

Kazi huanzia kwenye kiini cha seli. Protini hujipanga kuzunguka kiunzi cha muda mpaka zifanye ganda la pande 20, lenye upana wa nanomita 125 hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita). Kiunzi hicho ni kama mbao za mjengo: zege likishashika, huondolewa. Kimeng'enya cha kirusi chenyewe hukikatakata.

Hatua inayofuata ndiyo inayonishangaza zaidi. Ganda lina kona 12, na moja tu kati ya hizo ina mlango. Mtambo wa protini hukaa mlangoni hapo, husukuma DNA ndani mpaka ibanane, kisha huikata. Maganda mengine hukosa DNA, yakabaki matupu.

Ganda lililojaa DNA ni pana mno kupita kwenye matundu ya kiini. Basi hujivika utando wa ndani wa kiini, likauvua kwenye utando wa nje, na kuingia kwenye saitoplazimu, yaani ute wa seli ulio nje ya kiini, bila vazi. Huko hupakwa protini nyingine, kisha huingia kwenye vifuko vya seli na kupata utando wake wa kudumu. Kifuko hufika ukingoni mwa seli, kirusi kikatoka. Vya Epstein-Barr husambaa kwa mate.

Dawa ya letermovir, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa ajili ya saitomegalovirusi, ambavyo ni vya jamii hii pia, huzuia ule mtambo wa mlangoni. Dawa nyingine, asaikloviri, huzuia hatua ya mapema zaidi, DNA inaponakiliwa. Lakini ndani ya uvimbe wa Burkitt virusi vingi vimelala, haviundi kapsidi yoyote, kwa hiyo dawa za namna hii hazina cha kuzuia. Mtoto hutibiwa kwa kemotherapi, inayoua seli zenyewe za saratani.