Vienna kwa mfuko wa kawaida: mvinyo kwa aliyeulima, opera kwa kusimama

Watu wakisikia Vienna hufunga pochi kabla hawajapanda ndege. Wanawaza makasri, magari ya farasi na mabwana waliovaa tai za kipepeo. Ni kweli, ukilifuata jiji hili kwa vipeperushi vya mapokezi ya hoteli, litakukamua mpaka senti ya mwisho. Mimi kazi yangu ni mvinyo: naonja, nanunua kwa wakulima, na mara kwa mara natembeza wageni wanaotoka nyumbani. Ninachowaambia siku zote ni kwamba hapa cha bei nafuu si makombo ya cha bei ghali. Mara nyingi ni kilekile, ila umekifuata kwa mwenyewe.

Nianze na mvinyo, maana huko ndiko nina maneno mengi. Vienna ni mji mkuu, una treni za chini ya ardhi na ofisi za Umoja wa Mataifa, na bado ndani ya mipaka yake kuna zaidi ya hekta 500 za mizabibu. Si mapambo. Watu wanapogoa, wanavuna kila msimu wa mapukutiko, wanakamua nyumbani kwao na kuuza uani kwao. Mwaka 1784 Kaisari Joseph II alitoa amri iliyomruhusu mkulima kuuza mvinyo na vyakula alivyozalisha mwenyewe, wakati autakao na kwa bei aitakayo. Ruhusa hiyo ndiyo mama wa Heuriger, kilabu cha mkulima, na mpaka leo hesabu yake ni ileile: hakuna msambazaji, hakuna duka, hakuna lori. Huenda pipa liko chini ya sakafu uliyokanyaga. Mvinyo huohuo ukishavuka mikono mitatu na kufika mgahawa wa katikati ya jiji, bei yake huitambui tena.

Ila siku hizi kila mtu anajiita Heuriger. Ya kweli utaitambua kwa tawi la msonobari lililotundikwa langoni, na aghalabu kibao kilichoandikwa „Ausg'steckt“, yaani tawi limetundikwa. Tawi likiondolewa, usigonge mlango. Mwenyewe yuko shambani. Wengi hufungua kwa wiki kadhaa, wakafunga, kisha wakafungua tena. Neno jingine la kutafuta ni Buschenschank. Mwenye kilabu cha jina hilo kisheria anauza mvinyo wake mwenyewe, na chakula chake ni cha baridi. Ukikabidhiwa menyu ndefu ya vyakula vya moto, na mpiga akodioni anakuzunguka mezani akisubiri bahashishi, ujue umeingia mgahawa. Si dhambi, lakini utaulipia ule wimbo.

Utaratibu wa ndani humchanganya mgeni. Kinywaji huletwa mezani. Chakula unakifuata mwenyewe kaunta, unaelekeza kwa kidole, kinapimwa kwenye mizani na kulipiwa palepale. Hapa gramu hazitajwi, watu husema deka: deka kumi ni gramu 100. Kwa mtu mmoja chukua deka kumi za Liptauer, jibini laini iliyokandwa na paprika na kitunguu mpaka ikawa na rangi ya matofali, pamoja na vipande viwili vya mkate mweusi na tango la siki. Basi, umeshiba. Nyama nyingi za kaunta ni nguruwe, kwa hiyo asiyekula aulize kwanza; jibini, mayai na saladi huwa havikosekani. Asiyekunywa pombe naye hajaachwa: aagize Traubensaft, juisi ya zabibu. Tena mimi huwa naipima nyumba kwa juisi yake. Palipo na juisi nzuri, zabibu zilichumwa kwa uangalifu.

Mvinyo hupimwa kwa Viertel, robo lita, au Achtel, nusu ya hiyo. Kukiwa na joto agiza G'spritzter, mvinyo mweupe uliozimuliwa kwa maji ya soda, nusu kwa nusu. Wapo wenzangu wa kazi wanaokunja uso wakiiona. Wakunje. Ukikaa mezani kwa muda wa saa nne mchana wa Julai, hicho ndicho kinywaji chenye akili, na bei yake ni ndogo.

Lakini ukionja kimoja tu, onja Gemischter Satz. Mvinyo mwingi wa mchanganyiko huchanganywa pishini, baada ya kila zabibu kugeuka mvinyo peke yake. Huu huchanganywa shambani: aina mbalimbali zinapandwa pamoja kwenye shamba moja, zinavunwa siku moja na kukamuliwa pamoja. Wakulima wa zamani hawakufanya hivyo kwa ajili ya ladha. Walikuwa wanajilinda. Aina moja huchanua mapema, nyingine huchelewa, kwa hiyo baridi ya ghafla au ugonjwa haukuweza kuzimaliza zote. Zilizoiva zaidi zilileta sukari, ambazo hazijaiva sawasawa zikaleta ukali. Tangu 2013 mvinyo huu una kanuni zake: angalau aina tatu za zabibu nyeupe, hakuna inayozidi asilimia 50 ya shamba, na ya tatu kwa wingi isipungue asilimia 10. Mdomoni hutapata ladha moja ya kuitaja kwa jina. Utapata tufaha, kisha kitu cha majani, kisha chumvichumvi mwishoni, na kila nyumba ina mpangilio wake.

Ukifika Septemba au Oktoba, utakuta Sturm, maji ya zabibu yaliyo katikati ya kuchachuka, ya ukungu na matamu. Ni kama tembo la mnazi: linaendelea kuumuka hata likiwa chupani, ndiyo maana chupa zake hazizibwi kabisa. Ukiilaza kwenye begi, pole kwa nguo zako. Inanyweka kama soda, na hapo ndipo ilipo hatari yake.

Wapi? Mabasi ya watalii huenda Grinzing. Ukienda huko, nenda na tramu ya 38, na kabla ya kukaa mezani pita makaburi ya Grinzing umwone Gustav Mahler, aliyeiongoza opera ya Vienna tangu 1897 hadi 1907. Jiwe lake limeandikwa jina tu, bila tarehe wala cheo. Nussdorf inafikika kwa tramu D. Mimi kwa hiari yangu huvuka mto Danube kwa tramu 31 mpaka mwisho wa njia, Stammersdorf, ambako meza ya jirani wanazungumza Kijerumani cha mtaani na hakuna anayekupiga picha.

Kutoka Mahler tuingie opera yenyewe. Jumba la Staatsoper lilifunguliwa 1869, likapigwa mabomu Machi 1945, likafunguliwa tena Novemba 1955. Lina mamia ya nafasi za kusimama, na kusimama hapa si adhabu. Zile za sakafu ya chini ziko nyuma katikati, chini kabisa ya roshani ya heshima, zikitazama jukwaa moja kwa moja. Mwenye kiti cha pembeni roshanini, aliyelipa mara kadhaa ya ulicholipa wewe, huenda anaona nusu tu ya jukwaa. Wapigaji muziki ni wa okestra ya opera, ileile ambamo hutoka wanachama wa okestra mashuhuri ya Vienna Philharmonic.

Zamani ukishaingia ulishika sehemu ya ukingo, ukafunga skafu yako pale, kisha ukaenda zako kunywa maji. Skafu ikifungwa, nafasi ilikuwa na mwenyewe. Desturi hiyo iliheshimiwa kuliko vibao vingi vya sheria nilivyoviona. Mbele yako kuna kiskrini kidogo chenye tafsiri ya maneno. Vaa viatu vya kutembelea, na usianze na mtunzi Wagner: baadhi ya kazi zake, ukihesabu na mapumziko, huchukua saa tano, na magoti hayajali sanaa. Anza na Puccini. Ukichoka, ondoka wakati wa mapumziko, hakuna atakayekushangaa.

Hata bila tiketi bado una njia. Usiku jumba lilipofunguliwa tena 1955, umati ulisimama nje ukisikiliza kwa vipaza sauti, na siku hizi, katika miezi ya masika na mwanzoni mwa vuli, maonyesho mengi hurushwa moja kwa moja kwenye skrini kubwa ubavuni mwa jumba, bure. Julai na Agosti opera hufungwa. Wakati huo uwanja wa mbele ya ukumbi wa jiji, Rathausplatz, huwa na tamasha la filamu za muziki, nalo ni bure.

Mengine kwa haraka. Wien Museum pale Karlsplatz ilifunguliwa upya Desemba 2023, na maonyesho yake ya kudumu hayana kiingilio. Anza hapo kabla ya makumbusho yoyote ya kulipia. Makumbusho ya serikali kuu hayamtozi aliye chini ya miaka 19, kwa hiyo mwenye watoto asikimbie kutazama picha za Bruegel pale Kunsthistorisches Museum. Zentralfriedhof, makaburi makuu yenye Beethoven, Schubert na Brahms, ni matembezi ya nusu siku kwa tramu 71.

Chakula kizito kile mchana, si usiku. Katikati ya wiki mikahawa ya mtaani, inayoitwa Beisl, huwa na Mittagsmenü, supu na sahani kuu kwa bei ya pamoja, na jiko ni lilelile la jioni. Wiener Schnitzel kwa kanuni za Austria ni nyama ya ndama, ya bei ya chini iliyoandikwa „vom Schwein“ ni nguruwe, na „Pute“ ni bata mzinga. Kwa matunda na mikate acha soko la Naschmarkt uende la Brunnenmarkt, ambako wachuuzi wengi wana asili ya Uturuki na mizani haijazoea watalii. Maji usinunue: ya bomba hutoka chemchemi za Alps kwa mabomba, na la kwanza lilifunguliwa 1873. Na Jumapili maduka karibu yote hufungwa, kwa hiyo mkate wa Jumapili ununuliwe Jumamosi.