Ati unga wa jina la supamaketi hufagiliwa chini kiwandani?

Jumamosi niko supamaketi moja ya Nyali, Mombasa, nimeshika pakiti ya unga yenye jina la duka lenyewe, mama mmoja akanishika mkono, "Mwanangu usichukue hino, hino ndio ile hufagiliwa chini kiwandani." Nilicheka lakini maneno haya nishayasikia hadi Kongowea, so wacha tuyaongee.

Supamaketi nyingi hazina kinu wala ng'ombe. Duka linaandika linataka unga wa aina gani, kiwanda kinataja bei, wakielewana unasagwa na mashine zile zile zinazosaga brandi za kawaida, kinachobadilika saa zingine ni pakiti tu. Kuna maduka yenye viwanda vyao, kama Kroger kule Marekani wana vya maziwa na vya mikate, lakini hao ni wakubwa haswa.

Sasa usiruke upande wa pili useme "kumbe ni kitu kimoja". Sukari sawa, sukari ni sukari. Lakini tomato sosi, jamu, biskuti, hapo resipe ni ya mwenye oda, akitaka nyanya kidogo na wanga mwingi atatengenezewa hivyo hivyo. Geuza chupa usome, viungo vinaandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi, ukiona maji na sukari vimetangulia nyanya ushajua umebeba nini.

Na mbona bei yake huwa chini? Hakuna tangazo la tivi, hakuna bilibodi, na kiwanda kina uhakika oda kubwa inakuja. Hiyo ndio siri yote yakhe.

Wengine wanasema hizi hazikaguliwi. Si kweli. Tangu 2012 unga wa pakiti wa mahindi na ngano lazima utiwe vitamini na madini, hauulizwi ni wa duka ama wa nani, na alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, iko na namba chini yake, andika SM# kisha hiyo namba, itume kwa SMS 20023 utajibiwa. Tena Novemba 2019 KEBS walipozuia brandi 5 za unga wa mahindi sababu ya aflatoksini, ile sumu ya ukungu, zote zilikuwa brandi za wasagaji wenyewe, hata moja haikuwa ya jina la supamaketi.

Yule mama nikamgeuzia pakiti, jina la kiwanda nyuma ni lile lile la unga ulioko kwenye troli yake. Akasoma, akasoma tena. "Haya, basi wangu ndio ule wa juu, wako ndio wa kufagia."