Nani hasa huhesabu uhalifu Marekani? Dhana potofu na ukweli

Dhana: FBI ndiyo inayohesabu kila kitu.

FBI hupokea takwimu ambazo polisi wanaipelekea. Marekani ina vyombo vya polisi takriban 18,000, na kesi nyingi mno za jinai huamuliwa na mahakama za majimbo, si za shirikisho. Mashtaka, hukumu na vifungo vimetawanyika katika kumbukumbu za ofisi tofauti ndani ya kila jimbo. Kazi ya kuziunganisha na kuzitafutia maana hufanywa na vituo vya uchambuzi wa takwimu vya majimbo, vilivyoanzishwa miaka ya 1970 kwa fedha za serikali kuu. Karibu kila jimbo lina chake.

Dhana: vituo hivyo ni dawati la polisi.

Hapana. Cha Alaska kiko chuo kikuu, Anchorage. Cha Illinois kiko ndani ya mamlaka ya jimbo inayoshughulikia taarifa za haki jinai.

Dhana: takwimu zikishuka, uhalifu umeshuka.

Hii ndiyo inayopotosha watu wengi zaidi. Januari 2021 FBI iliachana na mfumo wa muhtasari uliotumika tangu 1930, ikabaki na mfumo unaoandika kila tukio kwa undani, uitwao NIBRS. Chini ya ule wa zamani, mtu akiporwa kisha akauawa, kilichohesabiwa ni mauaji peke yake; uporaji ulipotea kwenye hesabu. Mageuzi yalikuwa ya lazima, lakini maelfu ya vyombo vya polisi havikuwa tayari, na polisi wa New York na Los Angeles hawakuwemo katika takwimu za mwaka huo. Aliyesoma jumla bila kujua nani hakuleta hesabu alisoma kivuli tu. Isitoshe, uchunguzi wa kitaifa unaowahoji wananchi majumbani umeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba zaidi ya nusu ya matukio ya ukatili hayafiki polisi kabisa.

Dhana: jimbo linaloomba msaada kwa jimbo jingine limeshindwa kazi.

Nalipinga hili kwa nguvu zote. Baadhi ya vituo hivi vina wachambuzi wachache sana, na mmoja akiacha kazi huondoka na ujuzi wote. Ndiyo maana tangu 1974 kuna chama chao cha kitaifa, JRSA, kinachotoa mafunzo na kuwakutanisha, huku Ofisi ya Takwimu za Haki ya serikali kuu ikitoa ruzuku.

Chukua swali la wafungwa wanaorudia uhalifu. Jimbo moja huhesabu aliyekamatwa tena, jingine aliyehukumiwa tena, la tatu aliyerudi gerezani. Kukamatwa kwa kawaida hutoa idadi kubwa kuliko kurudi gerezani, kwa hiyo jimbo la kwanza litaonekana limeoza hata kama wafungwa wake hawana tofauti na wa jirani. Ruzuku peke yake haitatui hilo. Linatatuliwa na mchambuzi aliyekwisha kupambana nalo, anayekaa na mwenzake kuonyesha namna alivyooanisha jina lililoandikwa hivi polisi na vile mahakamani, kipi alikihesabu, kipi alikiacha, na maelezo gani aliyaweka chini ya jedwali ili mbunge asilinganishe visivyolingana.